Masaa Mawili Kwenda Marsabit

Mama yangu, Rahab Wamaitha, alipanda ndege kabla hajawahi kupanda gari la moshi. Alipanda mara mbili tu, mara ya kwenda na mara ya kurudi, na hizo mbili zilitosha kututenganisha kwa miaka.

Tulikuwa tukiishi Bahati, kwenye shamba la Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Taranti. Baba, Naftaly Gachanja, aliendesha trekta. Mama alikuwa yaya. Mimi ndiye Wachuka, mtoto wao wa kwanza, na mwaka huo wa 1953 nilikuwa sijatimiza miaka mitatu, kwa hivyo mambo haya siyakumbuki mwenyewe. Niliyapata kwa mama kidogo kidogo, mengi tukiwa tumekaa tunachambua maharagwe, na machache kwa baba, ambaye hakupenda kuyaongea.

Shamba lilikuwa juu, karibu na msitu: pareto, ngano, na ng'ombe wa maziwa. Nyumba za wafanyakazi, tulizoziita laini, zilikuwa chini kidogo, za udongo na paa za nyasi, na kila familia ilipewa kipande cha kulima mahindi na viazi. Baba alizaliwa hapo. Babu yake ndiye aliyetoka Murang'a na mbuzi wake, zamani kabla ya vita vya Wajerumani, na wakati huo baba alikuwa hajawahi hata siku moja kuiona hiyo Murang'a aliyoambiwa ni kwao.

Taranti alijifunza kuendesha ndege wakati wa vita vya pili. Alikuwa na yake ndogo, ya injini moja na viti vinne, na kiwanja chake kilikuwa nyasi tu kati ya ngano na boma la ng'ombe. Kwenye mlingoti kulikuwa na mfuko wa kitambaa chekundu wa kuonyesha upepo. Siku zote kondoo walilisha hapo, na ndege ikitaka kuruka au kutua ilikuwa kazi ya baba kuwafukuza. Alikuwa akiisikia ikiwa mbali, anaacha trekta, anakimbia na fimbo.

Mwezi wa tatu mwaka huo shamba la jirani lilivamiwa usiku na wapiganaji wa msituni, Wakikuyu waliokula kiapo cha kuwaondoa Wazungu, na ghala likachomwa. Memsahib, mke wa Taranti, akaanza kutembea na bastola hata akienda kukata maua. Mtoto wao, Timi, alikuwa na miezi minne, na alikuwa na tabia ya kukataa kulala popote isipokuwa mgongoni mwa mama. Taranti akaamua kuwapeleka wote wawili kwa shemeji yake, ndugu wa memsahib, aliyekuwa mhandisi wa barabara huko Marsabit, mpaka mambo yapoe.

Memsahib alimkuta mama jikoni akichemsha nepi.

"Kesho wewe nakuja na mimi," akamwambia. "Ndege. Timi hapana lala bila wewe."

"Memsahib, mimi nina mtoto."

"Mtoto yako nakaa na baba yake. Jumatatu bwana narudisha wewe. Siku tatu tu."

Mpishi, mzee Kiprugut, Mkipsigis aliyetoka pande za Olenguruone, alingoja memsahib atoke ndipo akasema bila kuinua macho kutoka kwenye unga aliokuwa akiukanda.

"Enda, mama Wachuka. Ukikataa utafukuzwa, na siku hizi Mkikuyu akifukuzwa haendi mahali pazuri."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana baba. Hata Gathoni yuko hapo karibu. Siku tatu si kitu."

Gathoni alikuwa mke wa mchungaji mmoja wa ng'ombe, nyumba yake ikipakana na yetu. Hakujaliwa mtoto, na mimi nilishinda kwake mara nyingi mama akiwa kazini.

Asubuhi baba alipokuwa akiondoa kondoo, alijipa moyo akamwuliza Taranti Marsabit ni mbali kiasi gani. Taranti alikuwa akimimina petroli kupitia kitambaa. Akasema si mbali, masaa mawili. Baba akarudi kwa mama mbio.

"Masaa mawili tu," akamwambia. "Sisi tukienda Nakuru stesheni kwa mguu ni zaidi ya hiyo. Basi ni karibu kuliko stesheni."

Alijua vizuri kwamba si hivyo. Alikuwa mtu wa mashini, alijua trekta ikienda saa moja na ng'ombe wa plau wakienda saa moja hawafiki mahali pamoja. Lakini alimwona mama anaogopa, na hakuwa na neno lingine la kumpa. Mama naye akalichukua neno hilo, akapanda.

Alikaa nyuma na Timi mgongoni, kisha wakamwambia amtoe mgongoni ampakate. Ndege ikapiga kelele, ikatetemeka kama mashini ya kusaga, ikakimbia, na nyasi zikaachwa chini. Mama alifumba macho. Alipoyafumbua aliona ziwa la Nakuru nyuma yake, kando zake zikiwa na rangi ya waridi kwa sababu ya ndege aina ya heroe, na mji ukiwa umebandikwa hapo kama kiraka. Kisha bawa likainuka likaficha kila kitu.

Mama alikuwa mtu wa kushika njia. Ukimpeleka mahali mara moja, hata kama ni msituni, anarudi peke yake. Kwa hivyo alianza kushika. Aliona Solai, akashika. Aliona ukingo wa bonde, na ng'ambo yake uwanda wa Laikipia na mashamba yenye nyua zilizonyooka, akashika. Akaona mto, kisha mlima mmoja mweusi, kisha mto mwingine usio na maji. Baada ya hapo nchi ikawa kahawia, na haikubadilika. Hapakuwa na moshi wala barabara, wala mti ambao angeweza kusema, nikifika hapa nitajua. Alitafuta barabara kwa macho mpaka yakamwuma. Alisema hapo ndipo alipoanza kuogopa kikweli. Kuanguka hakukumtisha, alichoogopa ni kwamba hata wakimwacha huru, hangejua pa kuanzia.

Halafu mlima ukatokea mbele, wa kijani, umefunikwa na msitu na mawingu, peke yake katikati ya ukame. Wakatua kwenye kiwanja cha mawe madogo, upepo ukivuma kwa nguvu. Taranti aliteremsha masanduku, akanywa chai na shemeji yake akiwa amesimama, akaondoka mchana huo huo. Kabla ya kuingia kwenye ndege alimwambia mama, "Jumatatu."

Jumatatu ilikuja na ukungu. Kuanzia alfajiri hadi jioni Marsabit haikuonekana. Mama alisema ukinyoosha mkono vidole vilipotea. Jumanne ikawa hivyo hivyo, na Jumatano pia.

Siku moja ya juma hilo, mama akiwa anaanika nguo ambazo hazikauki, alisikia injini. Akaijua. Alimfunga Timi mgongoni, akakimbia hadi kiwanjani, na memsahib naye akaja nyuma yake na viatu vya mpira. Sauti ilikuwa juu yao kabisa. Ilizunguka, ikaenda upande wa msitu, ikarudi, ikazunguka tena. Mama alitazama juu na kuona weupe tu. Askari mmoja wa kiwanja aliwasha moto wa majani mabichi, moshi ukachanganyika na ukungu na haukusaidia chochote. Memsahib alikuwa akiita jina la mume wake, kama mtu anayeita mtu aliye ng'ambo ya ua. Sauti ikapungua, ikapungua, ikaisha. Walibaki wamesimama pale wawili, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Baadaye ilikuja simu ya upepo kwenye ofisi ya serikali. Taranti alikuwa ameteremka Isiolo salama, na kwa sababu ya ukungu na mvua hatajaribu tena mpaka hali ibadilike. Memsahib, akishajua mume wake yuko salama, alitulia. Marsabit kulikuwa na baridi kama ya kwao na hapakuwa na mtu wa kuogopwa. Kaka yake alikuwa na vitabu na sahani za santuri. Mama alipomkumbusha habari ya mtoto wake, alijibu kwa upole, "Wewe nangoja. Mimi pia nangoja." Ni kweli alikuwa akingoja, lakini mtoto wake alikuwa naye.

Mama alilala kwenye chumba nyuma ya jiko. Maziwa yalikuwa yamemkauka zamani, lakini alisema usiku kifua kilimwuma kana kwamba ninanyonya. Mchana alimbeba Timi. Timi alinenepa.

Dereva wa lori la barabara aliitwa Muhidin. Alizaliwa Bondeni, Nakuru, baba yake akiwa mtu wa Mombasa aliyekuja na reli, na mama aliposikia anavyotaja mitaa ya Nakuru alikaribia kulia. Alimwendea akiwa chini ya lori anafunga springi.

"Mzee, kutoka hapa mpaka Bahati ni mwendo gani?"

Muhidin akatoka, akajifuta mikono. "Umekuja na nini?"

"Na ndege. Masaa mawili."

"Hayo masaa ya ndege uyasahau, mama. Ndege inakata kama kisu. Sisi tunazunguka. Toka hapa ushuke jangwani mpaka Laisamis, halafu Archer's Post, halafu Isiolo, upande Nanyuki, uende Thomson's Falls, ndipo ushuke Nakuru. Barabara ikiwa kavu na lori likiwa zima, labda siku nne. Sasa mvua imenyesha, kuna lugga, ile mito mikavu, zimejaa maji, hata mimi sijui."

"Na kwa mguu?"

Muhidin alimtazama, akaona hatanii. "Kwa mguu hakuna mtu amepima. Kuna simba, hakuna maji. Wenyeji wenyewe hawaendi peke yao."

"Ukienda Isiolo nichukue. Nitakaa nyuma na mapipa."

"Isiolo kuna kizuizi," Muhidin akasema polepole. "Huku ni nchi iliyofungwa, hakuna mtu anatoka wala kuingia bila pasi. Na wewe ni Mkikuyu. Wakikukuta juu ya lori langu huna karatasi, wewe utawekwa ndani, na hakuna mtu atakayekuuliza habari ya mtoto. Mimi nitanyang'anywa leseni. Kama una pasi, hata leo nitakubeba."

Mama alienda kuomba pasi kwa kaka wa memsahib. Yule bwana hakuwa mbaya. Alimsikiliza, akasema pasi ya Mkikuyu siku hizo haitolewi na mtu wa barabara, inatolewa na ofisi, na ofisi itauliza kwa nini asingoje ndege aliyokuja nayo, ambayo ni masaa mawili tu. Mama aliporudi, Muhidin alimpa tende zilizofungwa kwenye gazeti. Juma lililofuata akaondoka na lori lake tupu kuelekea kusini. Mama alisimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Ndege ilifika mwisho wa mwezi wa tano, siku ya jua kali. Mama alikuwa akikunja nguo zake kila alfajiri kwa majuma, kwa hivyo hakuwa na cha kufunga. Alimwona Taranti akishuka, akamwona akimvuta memsahib kando karibu na bawa na kuzungumza naye. Memsahib akageuka akamtazama mama, kisha haraka akatazama chini. Mama aliona. Alidhani labda memsahib amekataa kurudi na kwamba yeye ataachwa tena. Alipoambiwa apande, alipanda kwa furaha.

Safari hiyo hakuona jangwa. Alikuwa akihesabu namna atakavyonikuta, kama nitamkimbilia au nitajificha nyuma ya baba kwanza. Walipovuka Laikipia na bonde likafunguka, alianza kutafuta laini zetu. Alijua mahali pake: chini ya mikalitusi, kando ya bwawa la ng'ombe. Akaiona mikalitusi, na bwawa pia.

Laini hazikuwapo. Mahali pa nyumba palikuwa na miviringo myeusi ardhini, mmoja mmoja, kama mahali palipowekwa vyungu vya moto. Mahindi yalisimama yenyewe kati yake, na ng'ombe walikuwa wameingia ndani wakila.

Mama alimgusa Taranti begani. Hakugeuka. Akamgusa tena, akapiga kelele kuuliza ni nini, lakini injini ilimeza sauti. Ndege ikashuka kuelekea kiwanjani, kisha ikainuka tena kwa ghafla. Kondoo walikuwa wamejaa kwenye nyasi, na hakukuwa na mtu wa kuwafukuza. Taranti alizunguka. Wakapita juu ya ile miviringo mara ya pili, chini zaidi, na mama akaona jivu, na debe, na mlango wetu umelala chali. Kondoo bado hawakuondoka. Wakazunguka mara ya tatu. Memsahib alishika mkono wa mama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mama akauacha mkono wake ushikwe kwa sababu mwingine ulikuwa umemshika Timi.

Mwishowe Kiprugut alitoka jikoni na aproni yake, akawafukuza kondoo kwa taulo, wakatua.

Kiprugut ndiye aliyemweleza. Aliketi naye kwenye ngazi ya jikoni. Majuma mawili nyuma, malori ya serikali yalikuja asubuhi na askari. Wakikuyu wote wa shamba walikusanywa kwenye boma, wake kwa waume, kila mtu na alichoweza kubeba. Wengine waliitwa mmoja mmoja mbele ya gunia lenye mtu ndani, macho tu yakionekana kwenye matundu, na gunia likawa linatikisa kichwa. Kwa baba lilitikisa kichwa kumaanisha ndiyo, huyu amekula kiapo. Baba alifungwa mikono.

"Alikuwa na mtoto mkononi," Kiprugut akasema. "Akamwita Gathoni, akampa. Alimwambia, mpaka mama yake arudi. Halafu wakampandisha lori lingine. Gathoni na mtoto wakapandishwa la wanawake. Walisema wanapelekwa Nakuru kwenye kambi, halafu kila mtu kwao, Rizavu, nchi mliyotengewa Wakikuyu. Wakaanza kuchoma nyumba kabla lori halijatoka."

"Alilia?"

"Mtoto? Hapana. Alidhani ni safari."

Mama alisimama akaenda ofisini kwa Taranti. Hakubisha mlango.

"Bwana, ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

Taranti alikuwa amechoka, na mama alisema alionekana mzee siku hiyo. Alimwambia aliwaomba askari wamwachie dereva wake wa trekta, wakamwambia amri ni amri. Mama hakujua kama ni kweli. Kisha Taranti akamjibu swali lake.

"Kama mimi naambia wewe kule Marsabit, wewe nafanya nini?"

Mama alitoka na swali hilo. Miaka mingi baadaye, tukichambua maharagwe, alikuwa bado anasimama ghafla na kusema, "Angeniambia tu," kisha anaendelea na kazi.

Memsahib alimpatia karatasi ya kubaki shambani kama yaya. Mama alikaa nayo siku chache, akambeba Timi, akampikia uji. Asubuhi moja alimlaza Timi kitandani, akamwacha Kiprugut anamwangalia, akashuka kwa mguu hadi Nakuru na kwenda mwenyewe kwenye lango la kambi. Askari alimwuliza anataka nini. Akasema anataka kupelekwa Rizavu. Askari alicheka, kwa sababu wengine wote walikuwa wakiomba kutopelekwa.

Gathoni na mimi hatukuwapo tena. Wanawake wa shamba letu walikuwa wameshasafirishwa Murang'a, kwa sababu waume zao walikuwa wa huko na walishuhudiana ndoa zao. Ndani ya uzio mama alisimama kwenye foleni mbele ya karani, kijana wa miwani aliyechoka.

"Baba yako alitoka wapi?"

"Othaya, Nyeri. Lakini nataka Murang'a. Mume wangu ni wa Murang'a, na mtoto wangu yuko huko."

"Una cheti cha ndoa?"

"Alileta mbuzi kwa baba yangu. Watu wote wa Bahati wanajua."

"Hao watu wako wapi?"

Mama alitazama nyuma yake. Foleni ilikuwa ya watu asiowajua.

"Mbuzi hawatoi cheti, mama," karani akasema, si kwa ubaya. "Asiye na cheti wala shahidi anarudishwa kwa baba yake. Ukifika Nyeri utaomba ruhusa."

Aliyesema ukweli kuhusu Othaya ni yeye mwenyewe. Angesema tu baba yake ni wa Murang'a, angepandishwa lori la Murang'a. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba jibu moja lingemfungia njia, na mama hakuzoea kudanganya kuhusu baba yake.

Nyeri hakumjua mtu. Shangazi mmoja mzee alimpokea, wakawekwa wote kwenye kijiji cha Imajensi, ile hali ya hatari, kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na kila siku wanawake walitolewa kuchimba. Mama aliomba pasi ya kwenda Murang'a. Msaidizi wa chifu akamwambia hakuna ruhusa ya kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Akaomba tena mwezi uliofuata, na ule uliofuata. Kutoka juu ya mteremko walipochimba, siku ya wazi, aliweza kuona migongo ya Murang'a ikifuatana, moshi wa vijiji ukipanda. Ilikuwa mwendo wa siku moja. Safari hii njia aliiona yote kwa macho, hata madaraja, na kwenye kila daraja palikuwa na askari.

Mwanamke mmoja aliyeolewa ng'ambo aliruhusiwa kuja kuzika, na kupitia yeye mama akasikia kwamba kuna Gathoni mmoja aliyetoka Bahati, ana msichana mdogo, wote wako hai. Hilo ndilo alilokuwa nalo kwa miaka.

Mwaka wa 1956 amri zililegea. Alipewa pasi ya siku mbili. Alitembea tangu kabla ya jua na akafika kijijini kwetu alasiri. Hapa ndipo kumbukumbu zangu mwenyewe zinapoanza. Nakumbuka mwanamke mwembamba, miguu yenye udongo mwekundu, amesimama mlangoni bila kuingia. Gathoni alikuwa akimenya ndizi. Aliacha kisu, akaziba mdomo na kiganja.

Mwanamke yule aliniita jina langu. Mimi nilijificha nyuma ya Gathoni, nikamwuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Huyu mgeni atalala hapa?"

"Huyu ni mama yako," Gathoni akasema.

"Wewe ndiye mama."

Gathoni alianza kulia. Mama hakulia. Alikaa chini kwenye kizingiti, akachukua kile kisu, akaendelea kumenya ndizi pale Gathoni alipoachia. Alilala siku hiyo, na kesho yake akarudi Nyeri kwa sababu pasi ilikwisha. Hakunichukua. Aliniambia baadaye kwamba alinyoosha mikono na mimi nikapiga kelele, na kijiji kizima kikatoka kutazama.

Baba alitoka kwenye kambi ya kizuizini ya Manyani mwaka wa 1958, kifua chake kibovu na sikio moja halisikii. Alimfuata mama Othaya kwanza, kisha wakaja pamoja Murang'a, na wakati huo nikakubali kwenda, kwa sharti kwamba Gathoni anisindikize hadi kwenye basi. Mume wa Gathoni, aliyekamatwa siku moja na baba, hakuwahi kurudi. Hakuna aliyemwambia alikofia. Gathoni alitusindikiza, akaniwekea viazi vya kuchoma kwenye kitambaa, akageuka kabla basi halijaondoka. Nilitaka kuruka nje. Baba alinishika.

Tulirudi Nakuru, tukapanga chumba Bondeni. Bahati hatukurudi, baba alisema hana cha kuona huko. Alipata kazi ya kutengeneza baiskeli. Mama aliuza viazi na maharagwe sokoni. Wanawake wa pale wakisikia amewahi kupanda ndege walimwomba awaeleze, na yeye aliwaambia kuna kelele nyingi na kichefuchefu, basi.

Alinilea vizuri. Alinisomesha. Nilimwita mama, kwa sababu ndivyo ilivyopasa, na kwa muda mrefu nilimpenda kwa adabu, jinsi mtu anavyompenda shangazi. Yeye alijua. Gathoni alikufa kabla sijamaliza shule, na tulienda kumzika, na mama ndiye aliyeosha mwili.

Nilikuwa mtoto wa malaria. Homa ikinipanda nilianza kuweweseka, na kila mara jina lililonitoka lilikuwa moja. Nilikuwa nikimwita Gathoni. Baba alikuwa akitoka nje, hakuweza kusikiliza. Mama alikaa kando ya kitanda na kitambaa cha maji, na nikimwita Gathoni, yeye ndiye aliyeitika.